Tatizo Si Mbwa, Ni Mwenye Kurunzi

Makala iliyochapishwa katika toleo lililopita inashauri kwamba mbwa mchanga wa aina ya lurcher (chotara wa mbwa wa mbio) anayekosa sungura katika uwindaji wa usiku wa kurunzi afunguliwe mara nyingi zaidi, tena kwa kurunzi kali zaidi. Sikubaliani, na ninasema hivyo kwa ajili ya mbwa mwenyewe. Mbwa anayekosa mfululizo hajifunzi kukamata. Anajifunza kwamba kufukuza hakuna faida, na akichoka huanza kulegeza mbio au kubweka njiani. Mifupa yake nayo, kabla hajatimiza mwaka, haijakomaa kuhimili kona kali za sungura.

Kosa huanzia kwa mwenye kurunzi. Katika mashamba ya Uingereza sungura hutoka kula nyasi, lakini mashimo yao mara nyingi yako pembeni, chini ya ua wa miti. Ukimfungulia mbwa wakati sungura yuko hatua chache kutoka ukingoni, umempa kazi isiyowezekana. Subiri usiku wa giza wenye upepo, usio na mbalamwezi. Ingia upepo ukikupiga usoni, jiweke kati ya sungura na shimo lake, kisha tafuta yule aliyejibanza chini, mbali uwandani. Mbio mbili nzuri zatosha. Mrudishe nyumbani akiwa bado ana hamu.

Tena makala ilisahau kabisa sheria ya mwaka 2004 ya England na Wales, inayoruhusu kuwinda sungura kwa mbwa pale tu ardhi ni ya mwindaji mwenyewe au anayeimiliki au kuitumia ardhi hiyo ameridhia. Asiye na ardhi yake wala ridhaa hiyo asimfungulie mbwa kabisa.