Ajali Haina Kinga, Lakini Mkanda Upo

Kuna methali moja ambayo sisi Wakenya tumeipenda mno hata tumeifanya ngao ya uzembe wetu. Mwambie abiria aliyeketi karibu nawe katika matatu afunge mkanda, naye atakutazama kama mtu aliyetukanwa, kisha akujibu: "Ndugu yangu, ajali haina kinga." Akisha kusema hivyo huona amemaliza maneno, akageuza uso na kutazama nje ya dirisha. Leo nataka kubishana na mtu huyu, na nitaanza na hiyo methali yake mwenyewe.

Neno ajali tulilipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni muda aliopangiwa mtu, yaani siku yake ya kufika mwisho. Wazee waliposema ajali haina kinga walikuwa wakizungumzia mauti yaliyokwisha andikwa, wala si gurudumu lililopasuka wala breki zilizokatika. Isitoshe, mahali pa methali hiyo ni matangani. Husemwa baada ya msiba, kumliwaza aliyefiwa asije akajilaumu maisha yake yote kwa jambo ambalo hawezi tena kulirudisha nyuma. Haifai kusemwa katika kituo cha magari, kabla safari haijaanza. Kwa safari isiyoanza, wazee hao hao walituachia maneno mengine: tahadhari kabla ya athari. Lakini hayo hatuyapendi sana, maana yanatudai kufanya kitu.

Sikatai kwamba mkanda wa matatu unaudhi. Mara nyingi umejaa vumbi na jasho la watu wengi, na mtu aliyevaa shati jeupe akienda kazini ana haki ya kusita. Upo uliokatika, upo usio na kifungio, na upo uliofungwa fundo chini ya kiti. Mama aliyempakata mtoto, mwenye kikapu miguuni na nauli mkononi, hupata taabu ya kweli kuutafuta. Haya yote ni malalamiko ya haki. Lakini ni sababu ya kumdai mwenye gari mikanda safi na mizima, si sababu ya kukaa bila mkanda.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata kama mita 22 kila sekunde. Likigonga kitu na kusimama ghafla, mwili wa abiria hausimami. Huendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka ukutane na kioo, kiti au kichwa cha mwenzake. Kugonga kitu kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 25, yaani kama ghorofa ya nane. Sidhani kuna abiria hata mmoja ambaye angekubali kukaa ukingoni mwa ghorofa ya nane akining'iniza miguu kwa sababu kamba ya kumshika ina vumbi. Tena, asiyefunga mkanda hajidhuru peke yake. Aliyeketi nyuma yangu bila mkanda ndiye atakayenivunja mgongo gari likigonga. Kwa hiyo hiari yake inakoma pale mgongo wangu unapoanzia.

Wasomaji wengi watakumbuka Februari 1, 2004, siku kanuni za Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, zilipoanza kutumika. Matatu zilitakiwa kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda katika kila kiti na mstari wa manjano ubavuni. Nissan zikaamriwa kubeba abiria 14, basi. Wenye magari waligoma, na wananchi wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Nauli nazo zikapanda. Watu walinung'unika, lakini wakavumilia, na kwa muda tulisafiri tukiwa tumekaa kama binadamu badala ya kushindiliwa kama magunia ya viazi.

Kilichofuata kila mtu anakijua. Kanuni zililegea kidogo kidogo hata ikabidi Serikali ifanye msako mpya Novemba 2018 ili kuzirudisha zile zile. Tukiulizana ni nani aliyezilegeza, wote hunyosha kidole kwa askari na hongo yake. Hapo pana ukweli mwingi. Lakini ni nani anayemwambia utingo, "Sogeza watu, mimi nitajibana hapo hapo"? Ni nani anayemhimiza dereva akanyage mafuta kwa kuwa amechelewa? Na la ajabu zaidi, vizuizi vya polisi vikionekana mbele, utingo hupiga kelele mara moja tu, "Mikanda!", na gari zima hufunga kwa haraka ya ajabu. Tukishapita, wote hufungua. Je, tunajikinga na ajali au tunajikinga na askari?

Nadhani ugumu uko hapa. Tahadhari ikifanya kazi yake, hakuna kinachoonekana. Mtu aliyefunga mkanda miaka 20 bila kupata ajali huona amejisumbua bure. Hata yule aliyefika salama kwa kuwa dereva alikwenda polepole hajui kwamba ameokolewa, hivyo hana wa kumshukuru, na anachokumbuka ni kuchelewa tu. Lakini mzazi aliyempeleka mtoto wake kuchanjwa kinga ya polio halalamiki kwamba chanjo ilikuwa kazi bure kwa kuwa mtoto hakupooza. Yeye hufurahi. Kwa nini basi tusiutazame mkanda kwa macho hayo hayo?

Katika miaka ya karibuni barabara zetu zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Siwezi kuahidi kwamba mkanda ungewaokoa wote, kwani wengi wao walikuwa wakitembea kwa miguu au juu ya pikipiki. Lakini matatu ndiyo niliyo ndani yake mimi, na mkanda ndio ulio karibu na mkono wangu. Hilo siwezi kumngojea waziri aje anifanyie.

Basi mwenye gari na aioshe mikanda yake na kuirekebisha iliyokatika. Utingo na angoje dakika moja kabla ya kugonga bodi kumwashiria dereva aondoke. Nawe abiria mwenzangu, ukiambiwa kwa heshima, "Mzee, tafadhali funga mkanda," usione umevunjiwa hadhi. Aliyekuambia hivyo anakutakia ufike kwako. Methali ya ajali tuiache kule matangani, iwaliwaze waliofiwa.