Kosa Lisilo na Marudio

Methali yanena kuwa kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Neno hili ni faraja kwa mwenye kalamu, walakini ni mshauri mbaya kwa mwenye baruti.

Katika Marekani wako watu ambao hujiundia risasi nyumbani kwa burudani. Hutwaa ganda la shaba lililokwisha kutumika, wakalitia fataki mpya, baruti na kichwa cha risasi. Wako wasemao kuwa ufundi huu, kama upishi, hupatikana kwa kujaribu na kukosea. Napinga.

Mpishi akizidisha chumvi, chakula humwagwa. Mtu akizidisha baruti, bunduki humpasukia mkononi, na vipande vya chuma humjeruhi hata aliye kando yake. Tangu Paul Vieille wa Ufaransa alipobuni baruti isiyo moshi mwaka 1884, kipimo kidogo kina nguvu kubwa. Ganda la bastola liitwalo .38 Special laweza kupokea vipimo viwili vya baruti iwakayo upesi bila ya kumwagika. Na kichwa kikishakaa juu, jicho halioni tena kitu.

Basi uzoefu hapa hauhesabiwi kwa makosa yaliyopitiwa, bali kwa yaliyozuiwa: kupima kwa mizani, kufuata kitabu cha vipimo, kumulika kila ganda kwa taa kabla ya kulifunga. Aonaye haya kupima mara ya pili, na asiiguse baruti.