Mtoto Amemaliza Ukuruta, Mzazi Asilale

Ndugu wanachama, liko jambo ambalo tumelitazama kwa muda hapa Kashai, tukanyamaza kwa sababu lahusu nyumba za watu. Sasa twaona kunyamaza kumezidi.

Mtoto akiitwa jeshini nyumba nzima husimama. Kahawa hutolewa, wageni hutafuna, shehe au padri huombwa dua, kijana hufungiwa senene waliokaushwa, naye huondoka kwa shangwe. Akimaliza ukuruta akala kiapo, picha yake ya sare huzungushwa mtaa mzima, kutoka simu hadi simu. Tangu siku hiyo mzazi hujiona kazi yake imekwisha. Mtoto sasa ni wa Serikali, basi Serikali na imlee!

Twasema hapana. Na twasema hapana kwa nguvu zaidi kwa wale ambao watoto wao wamepelekwa Kamandi ya Wanamaji.

Ukuruta, pamoja na ukali wake, una nafuu moja: kijana hana nafasi ya kufikiri. Huamshwa, hukimbizwa, hula, hulala, na wenzake mia wako katika hali ile ile. Mafunzo ya uanamaji yanayofuata si hivyo. Humo mna hesabu na ramani za bahari, mna injini, mna kuzima moto katika chumba kisicho na dirisha, mna kuogelea kwenye maji yasiyo na mwisho wa kuonekana. Hakuna kelele ya afande iwezayo kumwingizia mtu hesabu kichwani. Kijana hukaa usiku na daftari lake, na hapo ndipo hukumbuka nyumbani. Akipiga simu nyumbani saa hiyo, anasikia nini?

Twajua anachosikia, kwa kuwa tumekaa katika nyumba hizo. Anasikia kwamba bati la jikoni limetoboka. Anasikia kwamba mdogo wake hana ada. Anaulizwa ataanza lini kujenga, maana wa jirani, aliyeingia polisi juzi tu, amekwisha piga msingi. Kijana ambaye bado yuko darasani amefanywa nguzo ya ukoo kabla hajapata mwaka mmoja kazini. Wako waliokopa ili kuwaridhisha wazazi, na deni la askari mwanafunzi ni kamba shingoni mwake.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alifanya kinyume, lakini matokeo yalikuwa yale yale. Yeye hakuomba fedha. Kila kijana wake alipopiga simu alilia, akamsihi arudi. “Baba, toka majini, utakufa kama wale.” Kijana akawa anaogopa kupiga simu.

Hatuwezi kumcheka mama huyo. Ni nani Bukoba asiyejua “wale” ni akina nani? Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyojengwa kubeba abiria 430, ilipinduka na kuzama ikikaribia Mwanza, na watu zaidi ya 800 walipotea. Hakuna ukoo mkubwa katika mkoa huu usiokuwa na kaburi la siku ile, au usiokuwa na mtu asiyepata kaburi. Mwanamke aliyezika watu watatu kwa wiki moja ana haki ya kuyachukia maji.

Lakini na tukumbuke habari yote, si nusu yake. Meli ile ilipopinduka ilielea kwa saa kadhaa, na ndani yake walikuwamo watu hai waliokuwa wakigonga. Likatobolewa tundu ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama. Nia ilikuwa njema, ujuzi haukuwapo. Na kutafuta miili kule chini tulisaidiwa na wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji la Afrika Kusini, nchi ambayo ilikuwa na miaka miwili tu tangu itoke katika ubaguzi, nchi ambayo sisi tulikuwa tumeisaidia kujikomboa! Twawashukuru ndugu hao. Hata hivyo twauliza: watoto wa nani walipaswa kuwa pale na vifaa vyao, wakijua la kufanya?

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu 228. Msiba ulikuwa mkubwa. Lakini safari hii, siku ya tatu, wapiga mbizi walimtoa fundi wa kivuko kile akiwa hai katika tumbo la chombo, na Jeshi letu, chini ya Jenerali Venance Mabeyo aliyekuwa Mkuu wa Majeshi wakati ule, ndilo lililosimamia kazi ya kukigeuza kivuko na kukivuta. Mtu mmoja aweza kuonekana ni kidogo. Muulizeni mkewe.

Tena tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia ziwani hapa hapa kwetu, karibu na uwanja. Walikuwamo watu 43, wakapona 24, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi, kwa kasia na mikono mitupu. Kijana mmoja kati yao alichukuliwa baadaye na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji akafundishwe. Wavuvi wale walikuwa na moyo. Walichokosa ni vyombo na mafunzo.

Basi mama anayemwambia mwanawe atoke majini kwa sababu ya MV Bukoba, twamwomba aigeuze hoja yake. Kwa sababu ya MV Bukoba, abaki.

Wala sisi wa Kagera hatuhitaji kuhubiriwa kwa nini nchi ina jeshi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia hadi mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Makaburi ya mashujaa wa vita ile yako Kaboya, Muleba, karibu na migomba yetu. Wengi wa waliolala pale walitoka mbali. Mama zao hawakuwa Wahaya. Leo mtoto wetu akienda kulinda bahari ya Mtwara au ya Pemba, twalipa deni.

Sasa twageukia jambo la aibu, na wanachama wenzetu wasikasirike. Wako wazazi waliouza kahawa kwa butura, ikiwa bado maua mtini, wakampa fedha mtu aliyejidai kuwa na “mkubwa” makao makuu ambaye angemhamishia kijana wao Wanamaji, au angemvusha mtihani. Jeshi lenyewe limetangaza mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi. Fedha imekwenda, kahawa imekwenda, mtu yule hapatikani kwenye simu. Na wako wengine, ndio hasa wanaotuudhi, wasiotoa fedha bali hutafuta kimemo. Huyu ni kiongozi wa tawi, yule ni mjumbe, kila mmoja adhani kadi ya Chama ni ufunguo wa mlango wa nyuma. Kadi ile si ya kazi hiyo! Mtoto aliyevushwa kwa kimemo, siku injini itakapozimika katikati ya dhoruba, ataitengeneza kwa kimemo?

Na tukumbushane historia. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles walipoasi na jeshi lile la kikoloni likavunjwa, Mwalimu Nyerere aliwaita vijana wa TANU Youth League wajitokeze kuanzisha jeshi jipya. Walikwenda kwa miguu yao, bila barua ya mjomba. Jeshi la Wananchi likazaliwa Septemba mwaka ule, nayo Kamandi ya Wanamaji ikaanzishwa mwaka 1971 pale Kigamboni kwa msaada wa China. Na Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kuikataa sheria ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu aliwarudisha makwao karibu 400, lakini siku ile ile alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mkubwa alijibana kwanza ndipo akamdai mdogo. Wazazi wa leo wanaodai bati kutoka kwa mtoto aliye mafunzoni wangelifikiria hilo.

Mzazi afanye nini basi? Ampigie mtoto siku aliyoruhusiwa, si kila saa. Mafunzoni simu haikai mfukoni. Amwulize amejifunza nini, hata kama hataelewa jibu. Asimwulize mambo ya kambi yasiyomhusu, wala asitie picha za kambi katika makundi ya simu ili aonekane baba wa askari. Kukiwa na msiba nyumbani, aambiwe ukweli kwa utaratibu, kupitia mtu mzima mwenye kauli nzuri, asishtukizwe usiku wa kuamkia mtihani. Mwenye uwezo wa kwenda kumwona siku ya kumaliza mafunzo, aanze kuweka akiba mapema, kwani kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400, na nauli haiokotwi. Ukoo ukichangia harusi, waweza kuchangia na nauli ya mama.

Na mtoto akishindwa? Wako watakaoshindwa, kwa afya au kwa masomo, wakapangiwa kazi nyingine jeshini au wakarudi. Kijana wa namna hiyo akipokewa kwa vicheko hapa Kashai, tumejiharibia wenyewe. Apewe kiti, apewe kahawa, kisha atafutiwe la kufanya. Hali kadhalika mabinti: bado twasikia wazee wakisema bahari si ya msichana, hali wasichana wamevaa sare hiyo na wanaifanya kazi.

Limebaki moja, nalo ni letu sote. Twaishi ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na watoto wetu wengi hawajui kuogelea. Wanafika Kigamboni wakiwa wamekulia karibu na maji kuliko wenzao wa Dodoma, na wanazama sawa nao. Twapendekeza matawi ya Kashai yakae na wavuvi wa mwalo wa Nyamkazi, wapatikane wazee wachache wanaojua maji, maboya yanunuliwe, na kila Jumamosi asubuhi watoto wafundishwe, wa kike na wa kiume, chini ya macho ya wazazi. Katibu wa tawi atakayekuwa tayari kuanza alete taarifa, nasi tutaichapa. Mama yule tuliyemtaja amekwisha kusema atamleta kitinda mimba wake, ila atasimama ufukoni muda wote.