Daftari Lililochomwa Moto
Wiki hii nimemaliza The Poet X, riwaya ya Elizabeth Acevedo ya mwaka 2018, iliyoandikwa kwa mashairi mwanzo hadi mwisho. Xiomara, binti wa Harlem mwenye wazazi wa Jamhuri ya Dominika, huweka siri zake zote daftarini. Mama yake, mshika dini hasa, analigundua na kulichoma moto. Hapo nilifunga kitabu nikalia. Nilimkumbuka mshairi wetu wa Kiswahili, Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi wa nasaha mwaka 1858: kwetu mama alitunga ili binti asikie, Harlem binti anatunga, na mama hasikii. Kabla ya The Poet X nilisoma The Hate U Give ya Angie Thomas, ya mwaka 2017. Humo msichana Starr ameshuhudia polisi akimuua rafiki yake Khalil, na ukimya unamtafuna mpaka anapothubutu kusema. Vitabu hivi huitwa vya vijana, lakini mimi vimenifunza malezi. Ukilikuta daftari la mwanao chini ya mto, usilifungue kwa hasira. Mwombe akusomee, nawe utulie umsikilize.