Gundi na Kofia ya Viua

Wako watu wasemao kwamba sindano imekwisha kazi yake, na kwamba nguo zafaa kuungwa kwa gundi na pasi. Usiwakubalie upesi, ewe msomaji. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Uskoti alipata hati ya kuunganisha vitambaa viwili kwa mpira, maji yasipenye. Mafundi walipovishona vitambaa hivyo kuwa makoti, mvua ikapita katika matundu ya sindano. Hapo gundi ina haki yake, maana tundu ni adui wa koti la mvua.

Sasa itazame kofia ya viua ya Lamu. Kila kiua ni tundu lililotobolewa kwa makusudi na kuzungushiwa uzi, nalo hupitisha upepo kichwani. Gundi itaziba nini, kama si pumzi hiyo? Tena kofia hufuliwa, hutiwa wanga, hupigwa pasi. Na gundi iliyoyeyushwa kwa moto wa pasi huweza kulegea kwa moto ule ule. Ni rahisi, nakiri, na mshonaji hutumia wiki nyingi kwa kofia moja. Lakini amwambiaye apunguze bei kwa sababu ya gundi hajapata kuivaa kofia ya gundi saa sita mchana, ndani ya mashua iendayo Shela.