Inchi 4 za nini na unaishi Rongai?

Wasee, kila nikipost kile kijimny changu lazima mtu aulize: "Mbona gari iko chini hivyo? Si uiinue inchi 4 ikae ya porini." Leo najibu mara moja, halafu tusirudi hapo.

Nilishaiinua. Pesa ya kwanza ya maana niliyowahi kupata kwa video niliipeleka yote kwa springi. Si kodi, si kurudi chuo vile mathe alikuwa akiniomba. Fundi akaniwekea springi za inchi 2, juu yake akaongeza spesa mpaka ikakaribia 4. Shoku zikabaki zile zile gari ilikuja nazo, zimevutwa karibu mwisho. Kila tuta: tang! Lakini picha zilitoka moto, sikatai.

Jumapili moja nikampeleka mathe kwa shangazi, upande wa Olepolos. Mnajua upepo wa Kona Baridi. Tukiwa kwa 80 hivi, kwa ule mteremko, gari ikaanza kutembea yenyewe. Nikikata usukani kidogo haurudi, nikirudisha inapitiliza. Lori lilikuwa likipanda. Tulipishana nalo, Mungu tu ndiye anajua vipi. Mathe alikuwa ameshika kile kishikio cha dashibodi na mikono yote miwili. Tulipofika akashuka kinyumenyume kama mtu anashuka lori, na goti lake lile, akasema kitu kimoja: "Kurudi nitapanda matatu." Na akapanda.

Wacha niwaeleze kile hakuna mtu alinieleza. Jimny yangu ni ile ya zamani, JB43, ina ekseli nzima mbele na nyuma. Ukiinua springi unainua bodi tu. Difu inabaki pale pale. Lile jiwe lililokuwa linagonga difu jana litaigonga na leo, tofauti ni kwamba sasa wewe umekaa juu zaidi ukiangalia. Kinachoinua difu ni tairi, na hapo unapata nusu tu ya kile umeongeza. Mimi nilitoka 205/70R15 nikaenda 215/75R15: kipenyo cha tairi kimeongezeka karibu milimita 36, difu ikapanda 18. Ni hiyo tu, na inasaidia kuliko spesa zote.

Halafu ule usukani. Ukiinua, ekseli ya mbele inazunguka kidogo, na ile pembe inayofanya usukani ujirudishe wenyewe inapungua. Ekseli pia inavutwa kando. Kwa milimita 40, bushi za kurekebisha hiyo pembe zinatosha. Kwa inchi 4 unaanza kugusa mabomba ya breki, propela shafti, kila kitu, na hapo bajeti yako imekufa.

Kwa hivyo nilitoa kila kitu. Saa hii niko na springi za milimita 40, shoku zilizotengenezewa huo urefu, na hizo bushi. Kama chapaa haitoshi shoku na springi pamoja, ngoja. Usinunue nusu.

Na msiniletee Rhino Charge. Yale magari yamejengwa upya ili yapite porini, na hayabebi mathe wa mtu kwenda kwa shangazi. Wengi wetu barabara mbaya zaidi tunayoijua ni ule udongo mweusi wa Kitengela mvua ikinyesha, na pale utakwama na inchi zako kama tairi ni laini. Suswa nimeenda mara 2 na hii 40. Nilikwaruza chini mara moja, kosa langu, nilikuwa naangalia kamera.

Najua kwa picha haikai noma sana. Video za ile gari ndefu zilitazamwa zaidi, na hiyo inaniuma kiasi, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Mathe hajasema lolote kuhusu springi. Lakini Jumapili iliyopita alifungua mlango wa mbele mwenyewe, akapanda, na kabla tufike Kiserian alikuwa amelala.