BAISKELI YA UMEME: UMELIPA WEWE, UFUNGUO ANAO NANI?

Najua mmezoea niwaletee mambo ya bunge na foleni za mjini, leo naomba mnivumilie tuingie gereji. Msikimbie lakini, siasa imo humohumo.

Niwarudishe Julai 2023. Kule Amsterdam, Uholanzi, kampuni ya baiskeli za umeme inaitwa VanMoof ilitangazwa na mahakama kuwa imefilisika. Siyo kampuni ya uchochoroni hii. Ilikuwa na maduka miji mikubwa ya Ulaya, Marekani mpaka Japani, na baiskeli yake moja ilikuwa inakwenda zaidi ya euro 2,000. Kampuni kufilisika ni kawaida: duka linafungwa, wanaodai wanalia, maisha yanaendelea. Kilicholeta kasheshe ni kwamba baiskeli zile zinafunguliwa kwa simu. Simu inaongea na baiskeli kwa bluetooth, kila baiskeli ina ufunguo wake wa siri, na huo ufunguo simu inauchukua kwenye seva za kampuni. Sasa seva zikizimwa? Ukibadilisha simu, au ukimuuzia mwenzio baiskeli, ufunguo mnautoa wapi?

Waliotia timu kuokoa jahazi hawakuwa serikali. Ni washindani wao wa Ubelgiji, Cowboy. Ndani ya siku chache walitoa programu ya simu inaitwa Bikey, mwenye VanMoof anauchukua ufunguo wake na kuuhifadhi mwenyewe mapema. Mwisho wa Agosti mwaka huohuo kampuni ya Uingereza, Lavoie, ikainunua VanMoof, watu wakapumua. Lakini tujiulize: programu kama ile inawezekanaje? Inawezekana pale tu mtu anapokaa akachunguza baiskeli na simu zinaambiana nini. Hiyo kazi mimi naiita kufumua, kama fundi cherehani anavyofumua suruali ajue ilikatwaje, ashone nyingine.

Na kufumua kukubwa zaidi hakuko kwenye bluetooth, kuko kwenye kontrola ya mota. Ngoja niwaeleze kidogo, maana hapa ndo penye uhondo.

Mota nyingi za baiskeli za umeme zina nyaya nene tatu. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye betri haizunguki ng'o. Inabidi umeme uingie kwa zamu, waya huu, halafu ule, halafu ule, mara nyingi sana kwa sekunde. Anayegawa hizo zamu ni kontrola: kiboksi chenye transista kubwa sita na chipu moja ndogo inayozipa amri. Chipu inasoma nyaya nyembamba zinazoiambia sumaku ya mota iko wapi, inasoma breki, inasoma pedali, inaangalia betri isiishiwe. Ndani ya hiyo chipu kuna programu, na humo ndimo kampuni imeandika sheria zake: mwendo mwisho hapa, umeme mwisho hapa, skrini isiyo ya kwetu usiisikilize.

Mfano ni mota ya TSDZ2, inatengenezwa na Tongsheng ya China. Ni mota ya kufunga katikati ya baiskeli ya kawaida, ya bei nafuu. Wajanja wa nchi mbalimbali, kila mtu kwao, waliifungua. Kwanza unasoma namba iliyoandikwa mgongoni mwa chipu. Wakakuta ni STM8, chipu ya bei ya chini ambayo maelezo yake mtengenezaji ameyaweka wazi kwa yeyote. Halafu unachukua mita, unafuatilia mguu kwa mguu: huu unaenda kwenye transista, huu breki, huu kipimo cha nguvu ya mguu kwenye pedali. Kazi ya subira, kama kutafuta waya uliokatika kwenye redio ya babu. Halafu unasikiliza waya unaotoka kwenye skrini kwenda kwa kontrola. Zinatumiana namba. Ukibonyeza msaada kutoka 1 kwenda 2, unaangalia namba ipi imebadilika. Ukiwasha taa, ipi tena. Ya mwisho ni ya ukaguzi, inatokana na hesabu ya zilizotangulia, ukiikosea ujumbe unatupwa.

Kuna mtego mmoja. Chipu imefungwa isisomwe. Unaweza kuifuta lakini huwezi kuchukua nakala ya kilichomo. Kwa hiyo hawa jamaa hawakuiba programu ya Tongsheng, waliandika ya kwao kuanzia sifuri, wakaiweka wazi kwa dunia nzima. Kifaa cha kuiingizia ni kidude kidogo kama flashi, bei poa. Ila ukishafuta ya kiwandani hairudi. Hapo ndo utajua wewe ni mwanaume au unatania.

Sasa tusiwe wa upande mmoja. Kampuni nazo zina hoja. Umoja wa Ulaya umeweka kwamba baiskeli ya umeme itahesabika baiskeli kama mota yake haizidi wati 250 na inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Ukizidisha, hicho ni chombo kingine, kinataka usajili na bima. Na tuambiane ukweli, wengi wanaogusa kontrola shida yao siyo haki wala uhuru, wanataka mbio. TSDZ2 ina gia ya plastiki ndani. Ukiilazimisha umeme mwingi mlimani, inachemka na gia inakwisha. Bosch wao tangu 2020 wameweka mota zinazonusa udanganyifu wa mwendo: skrini inatoa kosa namba 504 na nguvu inapunguzwa. Ukirudia-rudia, lazima uende kwa wakala.

Mimi hoja ya usalama naikubali. Ninachokataa ni kuitumia kama shuka la kufunikia mengine. Kuzuia mwendo usizidi 25 ni jambo moja. Kumzuia fundi asiwashe mota nzima kwa sababu skrini imevunjika na kampuni imekufa, hilo ni jambo lingine kabisa, na kufuli lililotumika ni lilelile.

Mahakama zimeanza kuliona. Tarehe 6 Oktoba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Top System dhidi ya serikali ya Ubelgiji, ilisema aliyenunua programu kihalali anaruhusiwa kuifumua ili arekebishe kasoro zinazoizuia kufanya kazi. Kesi haikuhusu baiskeli, lakini mlango ni huohuo. Mwaka 2024 ikaja sheria ya haki ya matengenezo, nchi wanachama zikapewa hadi 31 Julai 2026 kuitekeleza, na kwenye orodha yake vimo vyombo vyenye betri za usafiri mwepesi, yaani hizi baiskeli na skuta.

Mtauliza, kijana wa Temeke baiskeli za wazungu zinakuhusu nini? Zinanihusu kwa sababu zikichoka huko zinapanda kontena. Jirani yangu alinunua moja ya mtumba, betri inashika chaji, mota nzima, skrini inaonyesha kosa na haitoki hapo. Akaandikia wauzaji, jibu: ipeleke kwa wakala aliyeidhinishwa. Wakala wa karibu yuko wapi? Hata bara letu hayumo. Fundi wetu wa redio akang'oa kontrola nzima, akafunga ya China ya kawaida, nyaya tatu kwa tatu. Inatembea, ila haisikii tena nguvu ya mguu, inakwenda kwa kubonyeza kidole tu. Kifaa kizuri kimeshushwa daraja kwa kukosa maelezo ya kurasa mbili.

Hiyo ni baiskeli moja. Angalieni Kigali: tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria inayosajiliwa jijini inatakiwa iwe ya umeme. Nairobi nako zinaongezeka kila siku. Biashara nyingi za aina hii ziko hivi: pikipiki ni ya dereva, betri ni ya kampuni, unabadilisha kituoni kwa kulipia. Ni mpango mzuri, betri ni ghali na dereva hana mtaji. Lakini dereva yule ana deni la pikipiki. Kampuni ikifilisika kama ile ya Amsterdam, betri zinarudi kwa wanaodai, na kontrola inasubiri betri inayoifahamu. Mholanzi alikuwa na tramu ya kupanda kesho yake. Bodaboda ana rejesho la wiki.

Wasajili wanapima breki, wanapima taa. Swali la nani anabaki na ufunguo kampuni ikifunga linaweza kuingia kwenye fomu ileile, mstari mmoja tu.

Wewe unayesoma hapa na unaendesha ya umeme, Kigali, Nairobi, hata Dar, hebu fungua mkataba wako. Umeandika nini kuhusu siku kampuni ikifunga? Tupia hapo chini kwenye maoni, jina si lazima.

Nawasilisha.